Midomo kwenye Jalada la Santuri

Santuri ile niliisugua mimi, na niliisugua kwa nguvu zangu zote.

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya jiko la mama, maji kwenye beseni, majivu kwenye kigae, na fundo la majani makavu ya mgomba mkononi. Mwaka ule vita vilikuwa vimekwisha lakini sabuni ilikuwa haijarudi, na Kanazi nzima tulisugua kila kitu kwa majivu, kuanzia sufuria hadi visigino. Mtu yeyote angepita angesema tu kwamba Eustakia wa Mzee Bonaventura anaosha vyombo. Asingejua kwamba ninamwosha mwanamke.

Mwanamke mwenyewe sikumjua. Nilikuwa na midomo yake tu. Ilikuwa pale kwenye jalada, rangi nyekundu iliyokolea, imegandamizwa juu ya shavu la mwimbaji. Mwimbaji naye alikuwa peke yake pichani, hana bendi, nywele zake duara kubwa, suruali pana chini, amekalia ngoma ndefu na kufungua vifungo vya shati mpaka kitovuni. Jina lake lilikuwa limechanika pamoja na kona ya jalada. Ilionekana wazi kwamba santuri ile imepita mikono ya watu, na mmoja wa watu hao alijipaka rangi ya mdomo akaibusu. Kijijini kwetu hakuna aliyejipaka rangi ya mdomo, wala duka la kijiji halikuwahi kuiuza hata zama za neema. Basi midomo ile ilitoka Uganda, alikoitoa santuri mchumba wangu Anatory.

Alikwenda vitani na mgambo wa wilaya, akarudi mzima, tukamshangilia. Nilimlilia kila usiku aliokuwa huko. Aliporudi nikaona kwamba aliyerudi ni mtu mwingine.

Anatory niliyemjua mimi alikuwa na masikio ya swala. Nilikuwa nikinong'ona jina lake kisimani, yeye yuko juu kule kwenye shamba la kijiji na wenzake, na anageuka. Tulichekeshana kwa hilo. Anatory aliyetoka vitani ulimsemesha akatazama milima. Ulimwambia neno tamu akakujibu habari ya mvua. Wakati mwingine aliuliza, "Unasema?" kwa sauti ya mtu aliyechoshwa, nami nikamjibu, "Basi, yaishe," nikameza maneno yangu.

Siku aliyonipa santuri tulikuwa tunatoka kanisani. Kwetu msichana aliyeposwa haendi bega kwa bega na mchumba wake. Anafuata nyuma kidogo, upande wa kushoto, macho chini, na akitaka kusema anasemea kwenye kiganja, taratibu, ili wapita njia wasije wakasema kwamba kwao hakufundwa. Mimi nilifundwa. Shangazi yangu Ildefonsa alinifunda mpaka nikawa mfano wa kutolewa kwa wasichana wengine.

Anatory alitoa kifurushi ndani ya koti lake la jeshi.

"Nitunzie hii mpaka Jumamosi, Eusta," alisema. "Kwetu paa linavuja, na mama akiiona ataifanya kifuniko cha mtungi. Uitunze vizuri. Ni kitu changu cha pekee."

Nikafungua kidogo. Midomo ikanitazama.

"Ni nani aliyebusu hapa?" nikauliza, kiganja mdomoni, macho chini.

Anatory akaendelea kutembea.

"Nimekuuliza, ni ya nani midomo hii?"

Akasimama, akatazama mawingu juu ya vilima vya upande wa Burundi. "Mvua itanyesha," akasema. "Uiweke mahali pakavu."

Moyo ulinichoma. Mtu anaulizwa habari ya mwanamke na anajibu habari ya mvua. Nilifika nyumbani nikaitupa santuri juu ya dari, nikajifunika kanga, nikamwambia mama kichwa kinaniuma.

*

Huenda ningetulia, kama si Shangazi Ildefonsa. Alikuja kesho yake tukiwa tunamenya ndizi, akavuta kigoda karibu yangu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi mchumba wako Jumamosi huwa anakwenda wapi?"

"Sijui. Kwao."

"Kwao wapi. Kila Jumamosi mchana yuko kwa mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Kwani hapa kuna walimu wanawake wangapi? Huyo Theodosia, aliyetoka Biharamulo, mwenye gramafoni." Shangazi akakata ndizi nyingine. "Sisemi kitu. Mimi nimepita tu nikaona. Wamekaa kwenye kiti kimoja, mwalimu mdomo huku, Anatory sikio huku. Hata unyasi usingepita katikati."

"Labda alikuwa anamwambia jambo la kijiji."

"Jambo la kijiji husemwa kwenye mkutano," alisema Shangazi. "Na Jumapili wanaleta pombe. Baba yako bado anamfikiria yule Malongo wa Nyakanazi, mwenye lori. Ukiwa na neno, uwe nalo kabla mrija haujaingia kwenye mtungi."

Nilijua maana yake. Jumapili watu wa akina Anatory wangeleta mtungi wa pombe ya ndizi, baba angeniita mbele ya wazee wa pande zote mbili, angeshika mrija na kuniuliza: ninywe, nisinywe? Nikitikisa kichwa kukubali, anakunywa, na mimi ni mke wa mtu. Nikikataa, mtungi unarudi walikoutoa. Baada ya hapo hakuna wa kuuliza tena.

Sikula siku ile. Nilimwona Theodosia kila nilipofumba macho. Alikuwa mwembamba, mrefu, anavaa gauni la mikono mifupi na anazungumza kama anaita watoto kutoka uwanjani, akikukazia macho usoni, mwanamume kwa mwanamke. Sisi wasichana tulimcheka. Tulisema kwao Biharamulo hawafundwi. Sasa nikawa nafikiri: kumbe wakati tunamcheka yeye anachukua.

Ndipo nikaishusha santuri darini. Nikaitazama ile mistari myembamba inayozunguka zunguka, mamia kwa mamia, na ndani yake kuna vumbi la watu wengine, jasho la vidole vya watu wengine, mate ya mwanamke nisiyemjua. Wanacheza hii, nikasema. Wanaiweka hii kisha anamwinamishia sikio. Nikachota majivu, nikatia na mchanga kidogo, na nikasugua upande wa kwanza mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha nikaugeuza upande wa pili. Ilipokauka iling'aa kuliko sufuria za Pasaka.

Midomo ya kwenye jalada haikutoka. Nilipoisugua, karatasi ilianza kuchubuka nikaacha, kwa sababu shavu la mwimbaji lilikuwa linaondoka na midomo ikabaki.

*

Jumamosi Anatory alipokuja kuichukua nilikuwa nimeshajifunga kanga mpya.

"Leo nakwenda na wewe," nilisema.

Akanitazama usoni kwa muda. Siku hizi alikuwa na tabia hiyo ya kumtazama mtu mdomoni, na mimi nilikuwa nikiinama zaidi kila akifanya hivyo. "Kwa Mwalimu?" akauliza.

"Kwa Mwalimu. Na Shangazi atatusindikiza."

"Vizuri," akasema, na nikakasirika kwa sababu hakuonekana kuogopa.

Theodosia alitupokea mlangoni kwa ile sauti yake. Alimwamkia Shangazi, akanishika mkono mimi, akampa Anatory kiti kilicho karibu na gramafoni. Ilikuwa ndogo, ya betri, na betri zenyewe siku hizo zilipatikana kwa kujuana. Anatory ndiye aliyezileta kutoka jeshini. Nikaliandika hilo nalo moyoni.

Anatory alitoa santuri kwenye jalada. Akapitisha ncha ya kidole juu yake, akasita, akapitisha tena. Kisha akanitazama mimi. Nikainamia vidole vyangu vya miguu.  Aliiweka, akashusha sindano mwenyewe.

Kilichotoka mle ndani hakikuwa muziki. Kilikuwa mafuta yanayokaanga samaki. Kwa mbali sana, nyuma ya ule mkwaruzo, palikuwa na mtu anaimba kwa lugha ya kigeni, na tarumbeta zinalia kama zimefukiwa chini ya udongo. Sindano iliruka, ikarudi, ikaruka. Shangazi alikunja uso na kuziba masikio. Theodosia alisimama ghafla, mkono mdomoni, akanitazama mimi moja kwa moja, na nikajua kwamba amejua.

Nikamgeukia Anatory, nikisubiri hasira yake. Nilikuwa nimeingoja siku zote hizo. Nilitaka anifokee ili na mimi nimfokee, niulize kila nililolimeza.

Anatory alikuwa anatabasamu.

Alikuwa ameweka kiganja chote juu ya kisanduku cha gramafoni, amefumba macho, na kichwa chake kinakwenda taratibu na ngoma. Mguu wake ulipiga chini, ukanyamaza, ukapiga tena mahali penyewe hasa. Nilipotega vizuri nikaipata na mimi: chini kabisa ya mkwaruzo, gitaa zito lilikuwa linatembea, na ngoma za mikono zinalifuata. Huko chini majivu hayakufika. Lakini mkwaruzo ulijaa chumba kizima, ulikuwa unaumiza meno, na yeye alitabasamu kama mtu aliyeketi penye utulivu.

"Anatory," nikaita, taratibu, nikiwa kushoto kwake.

Hakugeuka.

"Anatory."

Shangazi alifungua mdomo. Theodosia alimwekea mkono begani, akanikamata mimi kwa kiwiko, akanitoa nje.

*

Tulisimama kwenye kibaraza cha jiko lake. 

"Hasikii," nilisema.

"La kushoto halisikii kabisa," alisema Theodosia. "Bomu liliangukia upande huo. La kulia linasikia kidogo, ukilisogelea na ukasema kwa nguvu. Vinginevyo anakutazama mdomoni anakisia."

"Alikwambia wewe."

"Hakuniambia. Mimi nafundisha darasa la kwanza, Eustakia. Kila mwaka napata mtoto mmoja ambaye wenzake wanamwita mjinga, kumbe hasikii. Nilimwita Anatory njiani, akaendelea. Nikamwita tena, akaendelea. Nikamzunguka mbele nikamwambia usoni: wewe husikii. Akalia."

Alilia mbele yake. Sijui kwa nini hilo ndilo liliniuma kuliko yote. Nilitaka kuwa mimi niliyeyaona machozi yale.

"Mimi ni mchumba wake," nikasema. "Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Angekwambia, jibu lako angelisikiaje? Unasema naye kutoka nyuma, upande wa sikio lililokufa, na mkono umeziba mdomo. Ameniambia tangu arudi hajasikia neno lako hata moja. Anadhani umemchoka, ila unaona aibu kurudisha posa."

Nilikaa chini pale pale kwenye kibaraza. Maneno yote matamu niliyomwambia njiani, na yale machungu, na lile swali la midomo, yote yalikuwa yamepotelea kwenye kiganja changu mwenyewe.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe unakaa naye kiti kimoja kwa sababu ya huruma ya ualimu tu?"

 Theodosia aliokota jani, akalikunja, akalitupa.

"Sitakudanganya," alisema. "Ukikataa kesho, keshokutwa nitakuwa nimemwandalia chai. Lakini amekuja hapa Jumamosi zote hizi na hajawahi kunisemesha habari nyingine isipokuwa yako. Unadhani inapendeza kukaa na mwanamume mzuri hivyo, anakuinamishia sikio, halafu anachouliza ni kama Eustakia alikuwa na furaha kanisani?"

Nilimchukia, na nilimshukuru, na sikujua nianze na lipi.

Nikarudi ndani. Santuri ilikuwa imekwisha, sindano inakwaruza katikati. Nilizunguka, nikachuchumaa mbele ya Anatory, na kwa mara ya kwanza tangu anipose nikamtazama usoni. Shangazi alikohoa. Nikaondoa kiganja mdomoni.

"Ni nani aliyeibusu santuri hii?" nikauliza kwa sauti ya Theodosia.

Anatory alishtuka. Akanitazama midomo, akanitazama macho.

"Simjui," akasema. "Niliikuta Masaka, mtu anauza vyombo vya nyumba pembeni mwa barabara. Nilibadilishana naye kwa blanketi langu. Aliyembusu alimbusu huyu mwenye nywele. Mimi hakunibusu."

"Kwa nini uliichukua?"

"Alikuwa anaicheza juu ya meza yake pale barabarani, na mimi nilikuwa nimeiegemea. Nikasikia. Eusta, nilikuwa sijasikia kitu kwa muda mrefu. Nikasikia ngoma hapa." Akagusa kifua. "Nikasema, basi kumbe sijafa mwili wote."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Baba yako ana Malongo mwenye lori na masikio mawili. Nilitaka uchague kwanza."

*

Jumapili mtungi uliletwa baada ya misa. Wazee walikaa kwa mzunguko, padri akiwa kati yao, mirija imesimama, harufu ya ndizi mbivu imejaa uwanja. Akina mama walikuwa ukutani, na Theodosia alikuwa miongoni mwao, ameketi karibu na mlango kwa sababu mwalimu hualikwa kila mahali. Anatory alivaa shati jeupe la kaka yake.

Kabla baba hajashika mrija, Anatory alisimama.

"Mzee, kuna jambo ambalo sikulileta na posa," alisema. "Vita vilinichukua masikio. Moja limekufa, moja linasikia kidogo. Nimeona nisinywewe pombe kwa uongo."

 Baba aliusogeza mrija kando, polepole. Baba yangu si mkatili, lakini ana kiburi cha watu wa kwetu.

"Kijana, umefanya vizuri kusema," alisema. "Ila mimi nina binti mmoja. Anayepika, anayelia, anayeumwa usiku akamwita mumewe. Nimpe mtu ambaye akiitwa hasikii?"

Mjomba wa Anatory alijaribu kusema kitu, baba akainua mkono. Akaniita. Nikatoka jikoni na kupiga magoti kwenye mkeka, macho chini kama nilivyofundwa.

"Umesikia, mwanangu. Kule Nyakanazi kuna mtu anangoja jibu. Hapa kuna mtungi. Ninywe, nisinywe?"

Kwetu jibu hilo hutolewa kwa kichwa. Msichana hasemi. Shangazi Ildefonsa alikuwa nyuma yangu, na nilimsikia akivuta pumzi kunikumbusha. Nikawaza habari ya kutikisa kichwa. Anatory aliketi upande wa pili wa mtungi, kichwa cha mjomba wake kimemkinga, na nikaona kwamba nikitikisa kichwa hataona, na nikinong'ona hatasikia, na ataambiwa na wengine kwamba amepata mke.

Nikainuka. Nikauzunguka mtungi mbele ya wazee wote, nikapiga magoti upande wake wa kulia.

"Nimekubali," nikasema, na nilisema kwa nguvu hata kuku wakakimbia chini ya ghala. "Na santuri yako niliisugua mimi kwa majivu, kwa sababu ya wivu."

"Najua," alisema Anatory. "Vidole vyangu vinasikia. Nilipoigusa tu nikasema, kumbe ananitaka."

 Nikamgeukia baba, bado nimepiga magoti.

"Baba, nikiumwa usiku nitampigia kelele. Kijiji kizima mtaamka, lakini yeye atasikia. Kunywa."

Baba alinitazama. Kisha akamtazama Shangazi, aliyekuwa amejifunika uso kwa aibu ya mafundisho yake yote. "Sauti hii ameipata wapi?" akauliza, na bila kungoja jibu akauchukua mrija.

Akanywa.

Vigelegele vikapanda. Katika ile kelele Anatory alinivuta mkono, akaniinamishia sikio lake la kulia.

"Sema tena," alisema.

"Umesikia mara ya kwanza."

"Nimesikia. Sema tena."

Nikaweka midomo yangu kwenye sikio lake, mchana kweupe, mbele ya padri na wazee na wakwe, nikasema tena. Nilisema polepole na sikujitoa haraka, na nilipokuwa nasema nilimtazama Theodosia pale mlangoni, nikahakikisha anaona.